Redio Achagua Kompyuta ya Mkononi

Kwa miaka ishirini na sita mtu huyu alikuwa mnadi katika yadi ya vitu vilivyotumika. Vitanda, majokofu, meza za ofisi zilizofungwa, kabati ambazo funguo zake hakuna ajuaye ziliko, vyote vilipita mbele yake kila Jumatano na kila Jumamosi, naye akavipa uhai upya kwa mdomo tu. Kiti chenye mguu mmoja mfupi alikiita kiti cha mtu mwenye mawazo, kwa sababu kinamtikisa asije akasinzia. Jokofu lililonguruma alisema halina ubovu wowote, linaomba chakula. Watu walikuja mnadani bila nia ya kununua kitu, wakarudi kwao na pasi mbili na kioo cha ukutani. Wakamwita Redio, na jina likamganda mpaka jina lake halisi likabaki la kwenye vyeti.

Nyumbani nako redio haikuzimwa. Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha, na miaka yote hiyo alishona huku anamsikiliza. Si kwamba alijibu sana. Alikuwa na "ehe" tatu: ya kukubali, ya kukataa, na ile ya kusema nyamaza kidogo napima pindo. Redio alizijua zote kwa mlio.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Mwanzoni akaifanyia mzaha mnadani, akasema mitambo ina vumbi. Akanywa maji ya moto na limau, akapumzika wiki, akarudi, ikakwaruza tena. Alipofika kwa daktari uvimbe ulikuwa umeshajijengea nyumba kooni. Daktari hakuzunguka mbuyu. Alimwambia ni saratani, kisanduku cha sauti lazima kitolewe chote, na akichelewa hatakuwa na haja ya sauti wala ya kitu kingine.

Asubuhi ya upasuaji, wanamsukuma kitandani kumpeleka chumba chenyewe, nesi akamuuliza kama ana la kusema. Mtu aliyekuwa na maneno hata ya kumgawia jirani akakosa neno. Akasema, "Ule mlango unaingiza upepo, ufungeni."

Basi hayo ndiyo yakawa maneno yake ya mwisho kwa sauti, na yalimkera kwa miezi. Alikuwa akiyakumbuka anatikisa kichwa. Mlango! Katika maneno yote duniani, mlango.

Alirudi nyumbani na tundu dogo shingoni la kupumulia, mkewe akamshonea vitambaa vyepesi vya kulifunika. Hospitali walikuwa wamempa ajaribu kifaa cha kubandika shingoni ili kitoe sauti. Kilitoa, lakini sauti yenyewe ilikuwa kama mashine ya kinyozi. Alijisikiliza mara moja, akakirudisha mezani, hakukigusa tena.

Akabaki na daftari na kalamu, na ndipo taabu ilipoanza.

Kwanza, hakukaa. Alitoka jikoni akaja chumba cha mbele, akaenda uani, akarudi, daftari kwapani, kalamu sikioni, kama karani aliyepoteza ofisi yake. Alimaliza soli ya ndala kwa wiki sita ndani ya nyumba yenye vyumba vitatu. Mkewe akawa anajua yuko wapi kwa kusikiliza miguu.

Pili, maneno yana saa yake. Mtu akisema jambo, jibu lake lazima limkute akiwa bado hapo. Redio alikuwa anaandika mzaha, anautengeneza, anageuza daftari ili wausome, na wenzake wameshahamia habari nyingine. Wanasoma, wanaangaliana, mmoja anacheka kwa adabu. Kicheko cha adabu kilimuuma kuliko kidonda.

Na mkewe! Ili asome, lazima asimamishe cherehani, atafute miwani, aifute, aelekeze daftari dirishani. Mwandiko wa Redio ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino akaitwa kwa haraka.

"Hii ni 'sukari' au 'sufuria'?" mkewe anauliza.

Redio anaandika tena, kwa nguvu mpaka karatasi inatoboka.

"Ah. 'Sikiliza.' Haya, nasikiliza nini sasa?"

Alikuwa ameshasahau.

Halafu kulikuwa na shemeji, kaka yake mke, fundi uashi, mtu mwema mwenye mwili mkubwa aliyekuja kila Jumapili. Shemeji alidhani kumsaidia mgonjwa ni kumkisia. Redio akiandika herufi ya kwanza tu, yeye ameshadaka. "M! Maji! Anataka maji, mleteeni maji!" Jumapili moja Redio aliletewa glasi tatu za maji akijaribu kuandika "Mpira umeanza." Walipowasha redio ya mezani timu yao ilikuwa imeshafungwa.

Lakini kilicholeta kishindo hasa ni karatasi zenyewe. Neno la mdomo huondoka na upepo. Neno la karatasi hukaa, hujificha chini ya mto wa kochi, na hungoja. Siku hiyo shemeji alikaa kwenye kochi lake la kawaida, akahisi kitu kinamkwaruza, akavuta kipande cha daftari kilichokunjwa. Akakikunjua. Akakisoma kwa sauti, maana hakujua ni nini:

"Kaka yako akija tena mwambie jiko limeharibika."

Zamani Redio angemnong'oneza mkewe jikoni na neno lingefia palepale kwenye mvuke wa birika. Shemeji aliikunja ile karatasi vizuri, akaiweka mezani kama mtu anayerudisha chenji, akachukua kofia yake. Hakuonekana Jumapili ile iliyofuata, wala ya pili, wala ya tatu.

Mkewe hakugomba. Alichukua kiroba, akapita nyumba nzima, akaokota karatasi chini ya vitanda, nyuma ya vyungu vya maua, kwenye mifuko ya makoti, akakijaza, akakiweka mbele ya miguu ya mumewe.

"Haya, baba. Maneno yako ya mwezi mmoja. Yafagie mwenyewe."

Binti yao mkubwa alisikia kisa hicho akaja kuwaamua. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo katika kampuni ya ujenzi, msichana wa watu mwenye haraka kama baba yake. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga ya mama yake, kisha akasema, "Baba, kazini kwetu mhandisi ana kompyuta ya mkononi. Kubwa kama kipande cha sabuni. Unaandika juu ya kioo chake kwa kikalamu cha plastiki, herufi zinatoka safi kama za gazeti. Yeye anawekea miadi na namba za simu, lakini unaweza kuandika chochote. Ukishasema, unafuta. Hakuna anayekuja kukalia neno lako."

Redio angesimama, ila alikuwa ameshasimama. Akaandika: "Lini?"

"Lini nini?"

"Dukani."

Duka lilikuwa jembamba kama ujia, linauza simu, vikokotoo na riboni za taipureta ambazo watu walikuwa wameshaacha kuziulizia. Muuzaji alikuwa mama mnene aliyevaa funguo za kabati la kioo kwenye mkono kama bangili. Binti alimweleza kwamba baba haongei, wanatafuta kompyuta ya mkononi ya kumsaidia.

Muuzaji akamgeukia Redio, akavuta pumzi, akapaza sauti. "MZEE! HII! NI! NZURI!" Akachora kisanduku hewani kwa vidole viwili. "NDOGO! NYEPESI!"

Alikuwa ametoa tatu, akazipanga juu ya kabati. Moja ilikuwa na batani nyingi ndogo kama punje za mchele. Redio akaivuta. Vidole vyake vilikuwa vya mtu aliyeshika nyundo ya mnada na kubeba makabati, na kila alipogusa batani moja, jirani zake mbili zilikubali pia. Akafuta, akaandika, akafuta. Muuzaji akasubiri huku ametabasamu tabasamu la hospitali. Mwishowe Redio akamgeuzia kioo.

"Nasikia vizuri. Hata tumbo lako limelia sasa hivi."

Muuzaji alisoma, akaweka mkono tumboni, akaangua kicheko hadi mteja aliyekuwa mlangoni akageuka. "Sijala tangu asubuhi, mzee," akasema, kwa sauti ya kawaida ya binadamu. "Nisamehe."

Redio alihisi kitu ambacho hakuwa amekihisi tangu yadi: kurusha neno na kuliona limefika. Lakini lilikuwa limemchukua dakika nzima na nusu, na jasho lilikuwa limelowesha kitambaa cha shingoni.

Ya pili ilikuwa ya rangi. Ukiiwasha inang'aa kama dirisha la keki. Hiyo ndiyo binti aliyoikodolea macho. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, haina rangi, haina mbwembwe, inatumia betri za kawaida za dukani, na ilikuwa na ukorofi wake: ilitaka uandike herufi kwa namna yake. A yake haina kile kijiti cha katikati. T yake ni mstari uliokata kona. Zilikuwa kama herufi za mtu aliyeanza kuandika akaghairi. Redio aliandika jina lake la utani, nayo ikamjibu "Rcblo." Akaandika tena. "Pedlu." Akaitazama kwa macho aliyokuwa akiwatazamia watu wanaotaja bei ya matusi.

Siku hiyo hawakununua. Kesho yake alirudi peke yake. Keshokutwa pia.

Wiki mbili alizunguka kati ya nyumba na duka kama inzi kwenye kioo cha taa. Asubuhi akipiga mswaki amechagua ya rangi. Akivaa viatu ameshahamia kwenye ya kijivu. Akifika dukani anaomba ya batani. Aliichukua ile ya rangi hadi mlangoni kuijaribu juani, na juani kioo kikawa giza tupu. Alichokiona ni uso wake mwenyewe na kitambaa shingoni. Akairudisha haraka. Akamuuliza muuzaji chaji inadumu muda gani. "Saa nne, ukibahatika tano," muuzaji akasema. Redio akaandika kwenye daftari: "Mimi huongea saa kumi na mbili kwa siku." Muuzaji akahesabu kwa vidole, akasema basi ataongea mpaka chakula cha mchana na jioni awaachie wengine.

Nyumbani alifanya mazoezi ya zile herufi za ajabu juu ya meza kwa kidole, kwenye shuka, kwenye unga uliomwagika. Siku moja mkewe alikuta A zisizo na kijiti zimechorwa kwa chaki kwenye pazia la mteja, kutoka juu hadi chini.

"Baba," akasema, na hiyo "baba" haikuwa na upole ndani yake. "Mimi ulinichagua kwa siku mbili. Siku mbili! Ya kwanza ulikuja na shangazi yako, ya pili ukaja na viatu vipya. Hicho kisabuni kinakushinda wiki mbili?"

Redio akaandika, "Wewe ulikuwa mmoja. Hizi ziko tatu."

Mkewe alikuwa amevua miwani. Hakulisoma hilo mpaka alipomaliza pindo, na wakati huo Redio alikuwa uani anazunguka.

Binti naye alishika upande wake. "Chukua ya rangi, baba. Ndiyo ya kisasa. Hizo nyingine mwaka kesho zitakuwa za makumbusho."

"Hiyo ndiyo unayoitamani wewe," baba yake akaandika.

Binti akasoma. "Kweli," akasema. "Naitamani."

Jumatano moja miguu ilimpeleka Redio mahali alipokuwa ameiapia isimpeleke. Alijikuta yadi. Alisimama nyuma kabisa, karibu na magodoro, kofia imeshuka. Mnadi mpya alikuwa bwana mmoja mpole aliyetoka kampuni ya bima, na alisoma orodha kama mtu anayesoma majina ya marehemu. "Namba kumi na mbili. Meza. Namba kumi na tatu. Meza nyingine." Kilichomuuma Redio si kwamba jamaa hajui. Kilichomuuma ni kwamba watu waliendelea kununua. Mikono ilinyooka, nyundo ikagonga, meza zikaondoka. Koo lake likajaa maneno yasiyo na mlango wa kutokea. Kufika namba ishirini alikuwa ameshatoka getini, anatembea nusu mbio, anapumua kwa tundu kwa kelele hadi watu wakampisha.

Aliingia dukani, akachukua kalamu ya muuzaji bila kuomba, akaandika nyuma ya risiti: "Nipe yoyote."

Muuzaji alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Mzee, sikuuzii kitu ukiwa na hasira. Kesho utakirudisha, na mimi vilivyorudishwa sipokei. Kaa kwanza."

Redio hakukaa.

"Basi simama. Lakini nikuulize. Wiki mbili unajaribu kuandika. Umeandika kwenye hii, umeandika kwenye ile, umeniandikia mimi mpaka njaa yangu. Huko nyumbani nani atakuwa anasoma?"

Redio akafungua mdomo kama bado ungemjibia. Akaufunga.

"Mlete mama," muuzaji akasema.

Mama hakutaka kuja. Alikuwa na seti ya mapazia ya hoteli ya kumaliza, na akasema mambo ya mashine awaachie wenye mashine. Binti ndiye aliyembembeleza. Akaja, lakini akaja na kazi yake: pazia zito kapuni, sindano kifuani. Akapewa kiti cha plastiki katikati ya duka, akalitandaza pazia magotini, akaanza kushona pindo kwa mkono, mbele ya wateja, bila wasiwasi.

"Haya, onyesheni," akasema. "Miwani sivai. Nyumbani sikai nimeivaa. Nataka nione nikiwa kazini."

Redio akamshikia ile ya rangi. Mkewe akainua macho, akakunja uso.

"Naona maua maua."

Akamshikia ya batani.

"Hizi ni herufi au sisimizi?"

Muuzaji akaichukua ile ya kijivu, akagusa hapa, akagusa pale, akatafuta mahali pa kukuza maandishi. Yakakua. Akayakuza tena mpaka mwisho. Sasa kioo kizima kilibeba maneno manne tu, matano yakiwa mafupi. Redio alipoona hivyo alishtuka kama mtu aliyeambiwa ahamie kwenye boksi la viatu. Maneno manne! Yeye ambaye salamu yake peke yake ilikuwa ukurasa!

Lakini mkewe alikuwa anangoja, sindano inapanda na kushuka. Redio akashika kikalamu. Aliandika polepole, kwa zile herufi alizokuwa amezichora kwenye unga, na kwa mara ya kwanza mashine haikumpotosha hata moja. Sijui kama alikuwa amepanga kuandika hilo. Nadhani hakupanga. Akamgeuzia.

"Umechoka nami?" mkewe akasoma. Alisoma kwa sauti, kwa vile ndivyo alivyofundishwa kusoma utotoni na hakuwahi kujifunza namna nyingine. Kwenye daftari alikuwa akihangaika hadi sauti inapotea. Hapa maneno yalitoka yote kwa mkupuo, na kila aliyekuwa dukani akayasikia.

Binti akatazama chini. Muuzaji akaanza kupanga betri ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mkewe alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Nimechoka na kiti hiki," akasema. "Wewe nimeshakuzoea. Nilichochoka ni kutafuta miwani kila ukitaka chumvi."

Redio alisimama na kile kioo mkononi. Kisha akakifuta, akaandika tena, haraka kidogo, akamgeuzia.

"Muuzaji ana njaa tena," mkewe akasoma, bila kuacha sindano, kwa ile sauti yake kavu ya kutangaza habari za kawaida. Duka zima likacheka, na kicheko kikaja palepale, cha moto, wakati wake, kabla mtu hajahamia habari nyingine. Hata mzee mmoja aliyefuata kikokotoo alicheka. Redio alimtazama mkewe mdomoni kama mtu aliyemwona leo.

"Hii hii," mkewe akasema, akakunja pazia. "Ifungeni. Nina hoteli inanisubiri."

Ikawa hiyo ya kijivu.

Isidhaniwe mambo yalinyooka siku hiyo. Ilimchukua zaidi ya mwezi kuandika bila kutukana kwa mikono. Alizoea kuweka ndani yake sentensi zilizo tayari, za kujibia wageni, za kujibia wanaouliza anaumwa nini, mpaka zikafika karibu mia. Halafu akasahau kubadilisha betri, mashine ikazimika, na zilipowekwa mpya ikaamka haijui kitu, imesahau sentensi zote, imesahau hata jina lake. Siku tatu alizunguka uani kwa hasira. Siku ya nne akaanza kuziandika upya, na zilipofika ishirini akaona zimetosha.

Nyumbani mkewe alisoma kila kitu kwa sauti, akiwa cherehanini, mguu kwenye pedali. Lakini hakuwa spika tu. Neno la Redio lilipita kwake likatoka na chumvi yake. Mengine aliyagomea.

"Hilo silisemi," anasema. "Lina matusi. Liseme mwenyewe."

Redio anafuta, anapunguza makali, anageuza tena. Kwa miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kuhaririwa. Sasa alihaririwa mara kumi kwa siku, na maneno manne yalimlazimisha achague. Watu wakaanza kusema maneno yake yamekuwa mazito. Yeye alijua si uzito, ni ufinyu wa nafasi.

Kuhusu shemeji, alimfuata mwenyewe mahali alipokuwa anajenga. Alimkuta juu ya jukwaa, mikono imejaa saruji, uso umefungwa. Shemeji aliposhuka, kwa heshima tu, Redio alimwonyesha kioo:

"Jiko limepona. Njoo kula."

Shemeji alijitahidi. Alibana midomo, akatazama ukuta, akatazama mbingu. Kisha tumbo likaanza kutikisika, na mwishowe akacheka hadi akashika ukuta mbichi na kuacha alama ya kiganja. Jumapili akaja. Kukisia hakuacha, lakini sasa alikosa muda: kabla hajasema "Maji!" jibu limeshasomwa.

Mwenye yadi naye alimpa kazi ndogo, ya kuandika kadi za kutundika kwenye vitu kabla ya mnada. Redio akaweka humo mizaha yake yote, mifupi mifupi. Yule bwana wa bima akazisoma kadi kwa sauti ileile ya msiba, neno kwa neno, na kwa namna isiyoelezeka hilo likawachekesha watu kuliko zamani. Redio hakujua afurahi au aone wivu. Alifanya yote mawili, na siku za mnada hakukaa kitini hata dakika tano.

Mwezi wa saba tangu upasuaji wakarudi hospitali kupimwa. Daktari alimchungulia kooni, akambonyeza shingo pande zote, akatazama picha kwenye taa. Kisha akaanza kuuliza, na akamuuliza mkewe. Anakula vizuri? Analala? Anakohoa damu? Mkewe akajibu, anakula, analala kidogo, hakohoi. Redio aliketi kati yao, goti linaruka, kama mzigo ambao watu wawili wanaujadili.

Akatoa ile kompyuta mfukoni. Akaandika, akamgeuzia daktari moja kwa moja, kioo kikiwa upande wa daktari na mgongo wa mashine upande wa mkewe.

Daktari alisoma. Akazungusha kiti chake mpaka akamkabili Redio peke yake, akavua miwani.

"Sijui," akasema. "Hakuna daktari atakayekuambia anajua. Ninachojua ni kwamba leo haipo."

Redio akatikisa kichwa kukubali. Akafuta kioo, akairudisha mfukoni. Wakapewa tarehe ya baada ya miezi sita.

Walitembea kwenye korido ndefu. Redio alitangulia, kama kawaida yake, hatua mbili mbele, tatu, nne. Walipotoka nje, chini ya kibaraza ambapo watu husubiri majina yao, mkewe akamshika mkono wa shati.

"Subiri," akasema. "Jibu nimelisikia. Swali sikulisikia."

Redio alimtazama. Angeweza kuandika lolote, maana lile la mwanzo lilikuwa limeshafutika na hakuna aliyelikalia. Mkewe hakuwa na miwani. Alisimama tu, kapu la mapazia begani, anangoja.

Akatoa mashine. Akaandika neno moja, herufi kubwa, likajaza kioo chote: "Itarudi?"

Mkewe alilisoma. Safari hii hakulisoma kwa sauti. Midomo ilicheza tu. Akaitazama ile alama ya kuuliza kwa muda.

"Miezi yote hii ulikuwa na hili?"

Redio akakubali kwa kichwa.

"Na mimi pia," mkewe akasema.

Wakakaa kwenye benchi la kibaraza. Redio akakaa kweli, mgongo ukagusa ukuta, mguu mmoja bado unagonga sakafu taratibu. Mkewe akaweka kapu chini, akamwambia waondoke jua likipungua, na hakuna aliyeinuka mpaka lilipopungua.